“Mottainai”: Neno la Kijapani Lililonisuta



Wapendwa waamini na wasomaji wa tafakari hizi za kila juma, leo naomba mniruhusu nitoke kidogo katika mazoea yetu. Sitaanza na somo la Dominika wala na tangazo la parokia. Nitaanza na ukoko wa wali, na kutoka kwenye ukoko huo nitawapeleka hadi Japani, kwa kuwa huko ndiko linakotoka neno moja ambalo limenisumbua kwa miaka kadhaa. Ni kivumishi kimoja tu cha lugha ya Kijapani. Siku ya kwanza nilipolisikia nilidhani nimelijua. Ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba nilikuwa nimeshika nusu yake tu, tena ile nusu iliyo rahisi.

Katika sekondari iliyokuwa jirani na parokia niliyokuwa nikihudumu wakati huo, alikuwapo kijana wa Kijapani aliyekuja kujitolea kufundisha hisabati. Hakuwa Mkristo, lakini Jumapili mchana alipenda kuja kwetu, kwa sababu, kama alivyoniambia mwenyewe, upweke wa Jumapili ni mzito kuliko upweke wa siku nyingine. Nasi tulimkaribisha mezani kama tunavyomkaribisha mgeni yeyote.

Siku moja mama mpishi alikwisha kupakua wali, akarudi na sufuria jikoni, akaanza kuubandua ukoko ili awatupie kuku. Mlango ulikuwa wazi na kijana akaona. “Mama,” akasema kwa Kiswahili chake cha kupimapima, “usitupe. Mottainai.” Mama akanigeukia. “Baba, amesemaje?” “Anasema usipoteze chakula,” nikajibu kwa uhakika wa mtu aliyesoma falsafa na teolojia. “Basi mwambie, Baba, ukoko si chakula cha mgeni.” Hata hivyo mgeni aliletewa ukoko wake, akautafuna kwa furaha, akatueleza kwamba hata kwao upo, wanauita “okoge”, na watoto wa huko wanaupenda kama wanavyoupenda wa kwetu.

Usiku ule nikaandika katika daftari langu: mottainai, maana yake usipoteze, usifuje. Nikalifunga daftari nikiwa nimeridhika.

Wiki chache baadaye, mwishoni mwa Misa, nilimshukuru kijana huyo mbele ya waamini. Nilisema ni mwalimu hodari, na kwamba watoto wetu waliokuwa wakizikimbia hesabu sasa wanazikimbilia. Tulipotoka nje akaniinamia kwa adabu, akasema neno lile lile: “Mottainai.” Nikastaajabu. Je, nimepoteza kitu gani? Nimefuja maneno? Aliposoma mshangao usoni pangu alicheka, tukakaa barazani, akaanza kunifundisha. Ndipo nilipogundua kwamba mimi niliyejibu kwa haraka jikoni nilikuwa bado darasa la kwanza.

Tuanze na sarufi, kwa maana sarufi nayo ina hekima yake. Kivumishi cha Kiswahili hulifuata jina na kulitii: twasema mtu mzuri, kiti kizuri, nyumba nzuri. Kivumishi chetu kinaijua ngeli, lakini hakiujui wakati. Tukitaka kusema habari ya jana, yatubidi tuite kitenzi kitusaidie: kiti kilikuwa kizuri. Kijapani kimeipanga kazi hii kwa namna nyingine kabisa. Kivumishi hulitangulia jina, wala hakijali umoja au wingi. Lakini vivumishi vya aina hii, vinavyoishia kwa irabu “i”, hubeba wakati ndani yake vyenyewe. “Mottainai” ni sasa. “Mottainakatta” ni yaliyopita. Kwa hiyo Mjapani aweza kulitamka neno moja tu, bila kiima wala kitenzi, na likawa sentensi iliyokamilika. Mama anayeona maji yakimwagika bombani husema “Mottainai!” Akikumbuka jioni chakula alichokitupa asubuhi, husema “Mottainakatta.”

Angalieni jambo moja hapa. Sentensi hiyo haimtaji aliyefanya kosa. Haisemi “umepoteza” wala “wamefuja”. Inasema tu kwamba kuna jambo limekwenda kinyume, na kila aliyepo analisikia kama lake.

Tuingie ndani ya neno lenyewe. Limeundwa na sehemu mbili. “Nai” maana yake hakuna, hakipo. “Mottai” ni neno la kale, lililohusiana na mafundisho ya Kibuddha, likitaja uhalisia wa kitu, kile kinachokifanya kitu kiwe kitu. Baadaye likaja kumaanisha hadhi, uzito, heshima ya kitu au ya mtu. Hata leo Wajapani wanacho kitenzi “mottaiburu”, yaani kujitia makuu, kujipa hadhi ambayo mtu hana. Hivyo basi “mottainai”, tukilifungua kama tunavyolifungua ganda la nazi, lasema: hadhi imekosekana. Kitu fulani kimevuliwa heshima yake. Zamani lilitumika zaidi kwa jambo lisilofaa mbele ya kilicho kitakatifu au mbele ya mkubwa. Kutoka hapo likawa neno la mtu anayejiona hastahili alichopewa. Ile maana ya kusikitikia upotevu, ambayo mimi niliiandika daftarini kana kwamba ndiyo yote, ni tawi la mti huo huo.

Mwalimu wangu alinipa mifano, nami nawapa kama nilivyopewa, kwa sababu maana ya neno haikai kamusini peke yake, bali katika midomo ya wanaolisema.

Matumizi ya kwanza ni yale ya ukoko. “Mada tsukaeru no ni, mottainai”: kitu bado kinatumika, nacho kinatupwa. Husemwa juu ya chakula, nguo, umeme na maji. Husemwa hata juu ya muda: “jikan ga mottainai”, saa zinapotea bure. Aidha, husemwa juu ya mtu mwenye kipaji aliyewekwa mahali ambapo kipaji chake hakitumiki.

Matumizi ya pili yatawachekesha, maana yamo katika kila nyumba yetu. “Tsukau no ga mottainai”: kitu hiki ni kizuri mno, naona uchungu kukitumia. Ni vile vikombe vya kabatini ambavyo watoto hawaruhusiwi kuvigusa, vinavyosubiri wageni ambao huenda wasije kamwe. Ni vitenge vinavyokaa sandukuni mpaka mwenyewe anazikwa navyo.

Matumizi ya tatu ndiyo yale ya baada ya Misa. “Watashi ni wa mottainai”: kwangu mimi hiki ni kikubwa kupita kiasi, sikistahili. Mtu akisifiwa, akipewa zawadi, akitendewa wema asioutarajia, husema hivyo. Ni shukrani inayopita neno asante, kwa sababu ndani yake mtu anapima alichopewa, kisha anajipima mwenyewe, na mizani haisawaziki.

Pengine baadhi yenu mmekwisha kulisikia neno hili, tena kwa kinywa cha mwana wa Afrika Mashariki. Profesa Wangari Maathai wa Kenya, aliyeanzisha vuguvugu la kupanda miti la Green Belt Movement mwaka 1977, alitunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel mwaka 2004, akiwa mwanamke wa kwanza wa Kiafrika kuipata. Mwezi Februari 2005 alikwenda Japani, wakati Itifaki ya Kyoto juu ya mabadiliko ya tabianchi ilipoanza kutumika. Huko ndiko alikokutana na neno “mottainai”, likamgusa. Mwezi uliofuata, katika kikao cha Umoja wa Mataifa kuhusu wanawake mjini New York, aliwaongoza wajumbe wa mataifa kulitamka kwa pamoja. Tangu hapo akalibeba popote alipokwenda. Watetezi wa mazingira walikuwa wamezoea kufundisha mambo matatu: kupunguza matumizi, kutumia tena, na kuvitengeneza upya vilivyokwisha kutumika. Yeye aliona kwamba neno hili la Kijapani linayabeba yote matatu na kuongeza la nne, yaani heshima.

Sishangai kwamba aliyeliona hilo la nne alikuwa mama huyu. Alilelewa shuleni na masista wa Consolata kule Nyeri, kisha na masista wa Loreto kule Limuru, na baadaye akasoma kwa masista Wabenediktini huko Kansas, Marekani. Alipofariki dunia Nairobi tarehe 25 Septemba 2011, mwili wake haukuwekwa katika jeneza la mbao. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya maziko yake, kwa hiyo jeneza lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji. Aliyesema “mottainai” mbele ya mataifa alilisema tena akiwa amelala kimya.

Lakini hapa nami nina neno langu. Katika kampeni nyingi zilizofuata, ile heshima iliachwa nyuma. “Mottainai” likachapishwa kwenye fulana na mifuko, likawa kauli ya kutunza mazingira, na walio wengi wakalielewa kama nilivyolielewa mimi jikoni: usipoteze, basi. Sisemi kwamba ni vibaya. Nasema kwamba ni nusu. Na nusu ya neno, kama nusu ya dawa, huweza kumdanganya mgonjwa kwamba amekwisha kutibiwa.

Husemwa pia kwamba neno hili halina mwenzake katika lugha nyingine. Wanaosema hivyo nadhani hawajakaa na bibi wa pwani. Kweli, “ubadhirifu” ni neno la mkaguzi wa mahesabu, na “hasara” ni neno la mfanyabiashara. “Israfu” limekaribia zaidi. Lakini mtoto akimwaga wali makusudi au akiukanyaga mkate, bibi hatasema neno lolote kati ya hayo. Atasema: “Usikufuru!” Anatumia neno zito kuliko yote aliyo nayo, neno la kumkosea Mungu, kwa ajili ya tonge moja lililoanguka. Bibi huyo hajafika Japani, wala Mjapani wa kale hakufika Lamu au Bagamoyo, lakini wote wawili walijua kwamba chakula kina hadhi, na kwamba kukidharau ni kumdharau aliyekitoa. Tofauti ni kwamba “kufuru” humlaumu mtenda, ilhali “mottainai” husikitika pamoja naye.

Wala tusidhani kwamba kuwa na neno zuri ni kuwa na maisha mazuri. Serikali ya Japani yenyewe ilikadiria kwamba katika mwaka 2017 chakula kilichofaa kuliwa lakini kikatupwa nchini humo kilifikia tani milioni 6.12. Ndiyo, katika nchi ya “mottainai”! Mwaka 2019 ikatungwa sheria ya kupunguza upotevu huo, na makadirio ya mwaka 2022 yakashuka hadi tani milioni 4.72. Nasi tusiwacheke. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake makuu hapo Nairobi, lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2024 kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa chakula kiasi cha tani bilioni 1.05, na kwamba asilimia 60 ya hicho ilitoka majumbani. Majumbani, wapendwa, siyo hotelini tu. Aliyehudhuria sherehe zetu za harusi na kuona masinia ya pilau yanavyomwagwa usiku hatahitaji takwimu.

Sasa nafika pale neno hili liliponichoma.

Kabla mwalimu yule hajarudi kwao, nilimwuliza: “Je, naweza kumwambia mtu mwingine kwamba kitu fulani ni mottainai kwake?” Akasita. Akasema inawezekana, ila niwe mwangalifu. Nikisema “watashi ni wa mottainai”, ni kikubwa mno kwangu, huo ni unyenyekevu. Lakini nikibadili neno la kwanza tu, nikasema “kare ni wa mottainai”, ni kikubwa mno kwake yule, nimemtukana. Ni kama kusema juu ya bwana harusi kwamba mke aliyempata hamstahili. Marafiki huweza kutaniana hivyo, lakini si kila mahali. Kivumishi ni kile kile, hakikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni upande kinakoelekezwa. Ukikigeuzia nafsi yako ni shukrani. Ukimgeuzia mwenzako ni dharau.

Niliyasikia hayo, nikayaandika, nikayasahau.

Nilikuwa nimepewa na waamini blanketi zito, zuri, katika kumbukumbu ya upadrisho wangu. Nililishika nikaona ni zuri mno, nikalihifadhi kabatini. “Tsukau no ga mottainai”, matumizi ya pili. Ukaja msimu wa baridi, mwezi wa Julai, na mlinzi wetu wa usiku akaja kwangu kwa unyenyekevu kuomba kitu cha kujifunika. Nikaenda kabatini. Mkono wangu ukagusa blanketi jipya, ukalipita, ukachukua lile kuukuu lenye tundu. Sikujiambia lolote kwa sauti. Lakini kama mtu angeuuliza moyo wangu wakati ule, ungejibu kwa Kijapani fasaha kabisa: kwake yeye, lile jipya ni mottainai.

Mwaka uliofuata nililifungua kabati kwa ajili ya mgeni. Panya walikuwa wamejenga kiota katikati ya blanketi. Wao hawakuona kwamba ni zuri mno kwao.

Wahenga walisema akiba haiozi, nami nawaheshimu wahenga. Lakini akiba isiyo na mtu wa kuifaa huoza, tena huoza ikiwa imekunjwa vizuri. Nilinunua blanketi lingine jipya, nikampelekea mlinzi. Akalipokea kwa mikono miwili, akalitazama, akauliza: “Padre, hili si la wageni?” Hadi leo sijui alisema hivyo kwa unyenyekevu wake, au kwa sababu mimi nilikuwa nimemfundisha, usiku ule wa tundu, kwamba vitu vizuri si vyake. Ndiyo sababu nasema neno hili limenisuta.

Naandika haya kwa kuwa naona kosa langu linarudiwa, nasi hatuliiti kosa. Kila Kwaresima tunakusanya vitu kwa ajili ya wahitaji. Tunafungua magunia na ndani yake tunakuta mashati yasiyo na vifungo, viatu vya mguu mmoja, unga wenye wadudu. Aliyeleta ana dhamiri safi. Amesema moyoni mwake: “Nisitupe, ni dhambi kutupa, heri nimpe maskini.” Naye anadhani ametunza. Kumbe amelitumia neno zuri kwa upande wake mbaya: hakuona ubaya kumfanya mwenzake kuwa pipa la taka lililo karibu, wakati kile kizuri kilichobaki nyumbani alikiona ni kikubwa mno kwa mhitaji.

Mtu ataniuliza: “Padre, basi nguo kuukuu tusitoe?” Toeni, tena kwa wingi! Nguo kuukuu iliyofuliwa, ikanyooshwa, ikashonwa vifungo, ina hadhi yake kamili. Wajapani wana ufundi uitwao “kintsugi”, wa kuunganisha bakuli lililovunjika kwa gundi ya utomvu na vumbi la dhahabu, ili ufa uonekane na upendeze. Hawaulizi kama bakuli ni jipya. Wanauliza kama limetunzwa. Kipimo changu ni kimoja: je, ningeweza kumkabidhi mtu huyu kitu hiki kwa mkono wangu huku nikimtazama usoni? Kama nahitaji gunia ili nisionekane, nimekwisha kujijibu.

Mwingine atasema: “Padre, sisi hatuna cha kufuja. Mahubiri haya wapelekee matajiri.” Namwelewa, na sina neno la kumwongezea mzigo mama anayepika kibaba kimoja kwa watoto sita. Huyo ni mwalimu wangu katika jambo hili, kwani kwake hata ukoko hauendi kwa kuku. Lakini hadhi haipimwi kwa wingi wa vitu. Binti mwenye akili aliyeachishwa shule ili akachunge watoto wa mjini, mzee mwenye hekima ambaye hakuna anayemwuliza neno, fundi hodari anayelipwa kwa ahadi: hao nao ni “mottainai” katika maana yake ya kwanza kabisa, hadhi iliyovuliwa. Na upotevu huo umo katika nyumba za maskini kama ulivyo katika nyumba za matajiri.

Katika Injili ya Yohane, sura ya 6, baada ya umati kulishwa, Bwana aliwaagiza wanafunzi wayakusanye mabaki, kisipotee kitu, nao wakajaza vikapu kumi na viwili. Tumezoea kuyatumia maneno hayo kufundisha watoto wasimwage chakula, na tunafanya vema. Lakini angalieni mpangilio. Watu walishiba kwanza, kisha mabaki yakakusanywa. Hakuwalisha mabaki, aliwalisha mkate, kadiri walivyotaka. Yule aliyejali makombo ndiye aliyewaketisha watu majanini kama wageni wa heshima.

Na kabla ya Komunyo sote tunakiri, kwa kufuata maneno ya yule akida Mrumi, kwamba hatustahili Bwana aingie kwetu. Nimesema maneno hayo maelfu ya mara. Siku hizi, nikiyafikia, namkumbuka kijana yule akiinama nje ya kanisa. Mtu anayesema hivyo kwa kweli, kisha akashika hostia mkononi, hawezi kutoka nje na kuamua nani anastahili blanketi jipya na nani anastahili lenye tundu. Yeye mwenyewe amepewa asichostahili dakika kumi zilizopita.

Basi, maoni yangu ni haya. Tusijifunze kutofuja kabla ya kujifunza kushukuru, kwa maana anayebana bila kushukuru huishia kuwa bahili, na bahili hufuja kuliko wote: hufuja kwa kuficha. Lakini anayejua kwamba alichonacho ni kikubwa kuliko anavyostahili, huyo hatupi ovyo, na wala hafichi. Anatoa, tena anatoa kizuri.

Kwa wiki hii nawaomba jambo dogo katika jumuiya zetu ndogondogo. Kila mmoja afungue kabati au sanduku lake, atafute kitu kimoja ambacho amekiona ni kizuri mno kutumiwa. Asimpe mtu kwa haraka. Akae nacho kwanza ajiulize: nilikiona ni kikubwa mno kwa nani? Kisha afanye kama dhamiri itakavyomwongoza. Na wanaoandaa harusi mwezi ujao wapange mapema ni nani atakayeitwa kula pamoja nasi, ameketi mezani, badala ya kupanga ni nani atakayepewa mabaki nyuma ya ukumbi.

Daftari langu bado ninalo. Pale nilipoandika “usipoteze, usifuje” sikufuta, maana si uongo. Nimeongeza chini yake: “Angalia kwanza unalisema kwa nani.”

Nawatakieni nyote wiki njema yenye baraka. Tukutane Dominika ijayo, Mungu akipenda.

Paroko wenu